Andika Kazi Kwanza, Kompyuta Baadaye

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Bugwema, Wilaya ya Musoma, Mkoa wa Mara. Wanachama walikuwa wanajiandaa kununua kompyuta ya kupakata.



Mmeniita niseme nanyi juu ya kompyuta mpakato, yaani ile kompyuta inayokunjwa kama kitabu na kuwekwa mapajani. Vijana wanaiita laptopu. Mimi si mtaalamu. Mmeniita kwa sababu mmesikia kwamba kikundi chetu kilinunua kompyuta mbovu, na aliyekwenda kuinunua ni mimi. Ni kweli. Basi nitawaeleza kosa langu ili ninyi msilirudie.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi chetu. Tuliamua kuacha kaunta buku, tuweke hesabu katika kompyuta. Nikapewa shilingi laki tatu na elfu themanini. Nikaenda mjini, nikaingia dukani. Niliona mashine ndogo, nyembamba, inang'aa kama sahani mpya. Nikauliza swali moja tu: "Bei gani?" Nikalipa, nikarudi na bodaboda huku nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Mwezi wa tatu mashine ikaanza kuhema. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi, bado haijafunguka. Kisha ikaandika kwamba imejaa. Imejaa nini? Sisi tulikuwa tumeandika leja moja na barua sita! Fundi akaifungua, akatuambia: "Hii iliundwa kwa kazi ndogo sana. Haina nafasi, na haiongezeki."

Mama Mweka Hazina wetu akarudi kwenye kaunta buku. Lakini fedha hazikurudi. Msimu ule mama mmoja mwanachama aliomba mkopo wa kununua mbegu. Tukamwambia asubiri, mfuko ni mtupu. Mvua haikumsubiri. Hadi leo nikikutana naye njiani, mimi ndiye ninayeinamisha macho.

Yule muuzaji hakunidanganya. Mimi sikumwambia kazi yangu, naye hakuijua. Hilo ndilo kosa, ndugu zangu. Nilichagua mashine kabla sijaitaja kazi.

Kosa hili si la kijijini tu

Msidhani ni sisi wa kijijini peke yetu. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Zikafuata nyingine chache. Serikali ilitaka hesabu zake zifanywe na mashine. Lakini mashine zilikuwa ghali, wataalamu wetu walikuwa wachache, na kazi ya hesabu haikwenda kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Masharti hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Ikiwa Wizara ya Fedha iliweza kukwama, je, kikundi cha watu thelathini?

Lakini sisi wa mkoa huu tulikwisha kufundishwa dawa yake zamani. Wazee hapa wanakumbuka Kisomo chenye Manufaa. Mradi ule uliendeshwa kati ya mwaka 1968 na 1972 kwa msaada wa UNESCO, katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo siku hizi ni Kagera. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Mvuvi alikuwa na kitabu cha uvuvi, na mfugaji kitabu cha ng'ombe. Kazi ilitangulia, herufi zikafuata. Na kompyuta ni vivyo hivyo. Tutafute kompyuta yenye manufaa.

Hatua ya kwanza: andikeni kazi

Kabla ya kutuma mtu dukani, chukueni karatasi. Andikeni kila kazi mnayotaka mashine iifanye. Mbele ya kila kazi andikeni itafanyika mara ngapi kwa mwezi. Kwa mfano:

Kuweka leja ya hisa na mikopo: kila wiki.
Kuandika muhtasari wa mkutano: mara mbili kwa mwezi.
Kuandika barua: mara moja kwa mwezi.
Kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: mara moja kwa mwaka.
Kuwasaidia watoto wetu kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa kupitia mtandao: msimu mmoja kwa mwaka.

Sasa itazameni karatasi yenu. Kama kazi zote ni za mara moja au mbili kwa mwaka, msinunue. Nendeni stesheni mjini, mlipe kidogo, kazi ifanyike. Kama shida yenu ni kuona akiba tu, zipo huduma za simu kama M-Koba, ambamo kila mwanachama huona fedha za kikundi kwenye simu yake. Huko si kushindwa. Huko ni kutumia fedha kwa akili.

Lakini kama kazi zipo kila wiki, basi nunueni. Na kama ninyi ni chama cha ushirika cha msingi, jueni kwamba Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeweka mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, na vyama vinatakiwa kupeleka taarifa zao humo. Hapo kompyuta ni kama mizani ya pamba: haikwepeki.

Hatua ya pili: ijueni mashine kwa ndani

Muuzaji atawatajia maneno mengi. Msiogope. Mambo makubwa ni manne.

La kwanza ni ramu. Kwenye mashine utaona herufi RAM. Ramu ni kama meza ya kufanyia kazi. Meza ikiwa ndogo, ukifungua daftari moja, jingine linaanguka. Ukubwa wake hupimwa kwa GB, watu husema jibi. Mashine niliyonunua mimi ilikuwa na GB 2. Hiyo ni meza ya kuwekea kikombe. GB 4 huandika barua na leja, lakini ukifungua na intaneti itaanza kuhema. Kwa kikundi, tafuteni GB 8. Ulizeni pia kama inaweza kuongezwa baadaye, maana kuna mashine ambazo ramu yake imegandishwa ndani na haiongezeki.

La pili ni diski. Diski ni ghala. Ukizima mashine, kazi zako hulala humo. Yangu ilikuwa na GB 32, na programu za mashine yenyewe zilikuwa zimekula karibu zote. Ndiyo maana leja moja na barua sita zilikosa pa kulala. Tafuteni GB 256, zinawatosha. Diski ni za namna mbili. Ya zamani huitwa HDD, ina sahani inayozunguka ndani. Mpya huitwa SSD, haina kitu kinachozunguka. SSD hufungua kazi upesi zaidi. Tena haiogopi sana mtikisiko. Fikirini mashine itakavyosafiri kwa pikipiki kutoka Musoma hadi hapa, halafu chagueni SSD.

La tatu ni prosesa. Hiyo ndiyo injini. Kwa leja na barua hamhitaji injini ya lori. Lakini umri wa injini ni jambo kubwa, nami nitalirudia baada ya dakika chache.

La nne ni betri. Betri hupimwa kwa herufi Wh. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya Wh 45, kwa mashine inayokula wati 15, itakaa saa 3, maana 45 ukigawa kwa 15 unapata 3. Lakini betri ikichakaa na kubaki nusu, mtapata saa moja na nusu. Mkutano wetu mmoja hauishi kwa saa moja na nusu, si mnatujua!

Hatua ya tatu: utapata wapi umeme?

Umeme wa REA umefika katika vijiji vingi, lakini umeme hukatika. Hapo ndipo kompyuta ya kupakata inapoishinda ile ya mezani. Ya kupakata, kwa kazi za kawaida, hula wati 15 hadi 30. Ya mezani pamoja na kioo chake huweza kula mara nne au tano ya hapo, na umeme ukikatika inazimika papo hapo.

Wenye sola, sikilizeni vizuri. Ile sola ndogo ya taa tatu na kuchaji simu haiwezi kuchaji kompyuta. Someni maandishi kwenye chaja. Nyingi zimeandikwa wati 65 na volti 19 au 20, na sola ndogo haifiki hapo. Mtahitaji paneli kubwa zaidi, betri kubwa na inveta. Gharama hiyo iandikeni kwenye karatasi ileile ya kompyuta. Msije mkanunua ng'ombe mkasahau kamba.

Hatua ya nne: mpya au ya mtumba?

Kwa fedha za vikundi vyetu, mara nyingi tutanunua ya mtumba. Si aibu. Mashine nyingi za mtumba zilitumika katika maofisi ya Ulaya na Marekani. Utaona majina kama Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Ziliundwa kwa kazi ya kila siku, na vipuri vyake hupatikana. Mara nyingi mashine ya ofisi ya mtumba huifaa kazi yetu kuliko mashine mpya ya bei rahisi, kama ile iliyonidanganya macho.

Lakini hapa kuna shimo. Kompyuta nyingi hutumia programu iitwayo Windows. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake, matundu ya wezi wa mtandao hayazibwi tena kama zamani. Inayohudumiwa ni Windows 11, nayo huzikataa mashine nyingi za zamani. Hutaka ramu isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kuendelea.

Utakijuaje kizazi? Hapa ndipo kisomo kinapolipa, ndugu zangu. Soma jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Ni 6, basi ni kizazi cha 6. Windows 11 itaikataa. Ukiona i5-8250U, tarakimu ni 8. Hiyo inakubalika. Ukiona i5-1135G7, usiseme ni kizazi cha 1. Hapo husomwa tarakimu mbili, ni kizazi cha 11. Prosesa za AMD zina namba zake nyingine. Mwambieni muuzaji awaonyeshe Windows 11 ikifanya kazi humo.

Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani. Inaweza kuingia, lakini Microsoft haiahidi kuihudumia. Kama mmeipata mashine ya kizazi cha 6 kwa bei nzuri sana, ipo njia nyingine. Kuna programu ziitwazo Linux, kama vile Ubuntu, ambazo hazilipiwi. Ndani yake kuna LibreOffice ya kuandikia barua na leja, nayo ni ya bure. Tena Kiswahili hakikuachwa nyuma katika mambo haya. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya namna hiyo kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ila hakikisheni kwanza yupo mtu karibu anayeijua Linux. Jembe ambalo hakuna wa kulitia mpini ni chuma tu.

Hatua ya tano: ipimeni kabla ya kulipa

Tumeni watu wawili, asiende mmoja. Mmoja awe na karatasi ya kazi, mwingine awe na simu yenye bando. Wafanye hivi:

1. Chomoeni chaja. Iwasheni mashine kwa betri tu, iendeshwe nusu saa. Mwambieni muuzaji awafungulie ripoti ya betri. Ripoti hiyo huonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa leo.

2. Andikeni herufi zote, A hadi Z, na tarakimu 0 hadi 9. Kibonye kimoja kikigoma, leja nzima itakusumbua.

3. Fungueni ukurasa mweupe, mtazame kioo chote. Madoa meusi na mistari ni ugonjwa.

4. Chomekeni flashi katika kila tundu. Tikiseni kidogo waya wa chaja. Mashine ikizima na kuwaka, tundu limelegea.

5. Unganisheni intaneti kutoka kwenye simu yenu.

6. Msisome stika ya nje tu. Stika hubandikwa na hubanduliwa. Someni ndani ya mashine yenyewe: ramu ngapi, diski gani, prosesa ipi.

7. Izimeni na kuiwasha tena. Ikidai nywila msiyoijua, au ikitaja jina la kampuni nyingine kuwa ndiyo mwenye mashine, iacheni.

8. Daini risiti halali, yenye namba ya mashine, na muda wa dhamana uandikwe. Mashine isiyo na risiti yaweza kuwa ya wizi, na siku ya kuulizwa, atakayeulizwa ni ninyi.

Muuzaji akinuna kwa vipimo hivi, muageni kwa heshima, nendeni duka la pili.

Na mwanafunzi wa chuo je?

Najua wengine hapa mnafikiria mtoto anayekwenda chuo. Kanuni ni ileile. Anayesomea ualimu au sheria huandika na kusoma. Mashine ya GB 8 itamfaa. Anayesomea uchoraji wa majengo au uhandisi huenda akahitaji injini yenye nguvu zaidi, tena na kadi maalumu ya picha. Basi chuo kiulizwe kwanza. Msiuze ng'ombe wawili kwa kazi ya ng'ombe mmoja. Wala msiuze mmoja kwa mashine itakayomwacha mtoto njiani mwaka wa pili.

Na anayetaka kutazama mpira na sinema, hilo ni jambo zuri, lakini hiyo ni televisheni. Asitumie fedha za kikundi.

Mashine ikishafika

Kabla ya kuamua, jibuni pia: nani atakaa nayo? Nani wa pili anaijua? Katibu akihama au akiugua, leja isihame naye. Nywila iwe kwa watu wawili. Kila baada ya mkutano, nakala ya leja iwekwe kwenye flashi, na flashi ilale nyumba nyingine. Na kaunta buku msilitupe. Kwa mwaka wa kwanza andikeni kote kuwili. Hesabu zikifanana miezi kumi na miwili, hapo mtakuwa mmeiamini mashine kwa haki.

Ndugu zangu, bila shaka mtaniuliza, "Sasa tununue ipi?" Sitawatajia. Karatasi yenu ndiyo itakayowatajia. Kwenye mfuko ule kuna fedha ya aliyeuza dagaa, kuna ya aliyeuza mihogo, kuna ya aliyeuza mbuzi wake wa mwisho. Mtakayemtuma dukani atabeba fedha hizo zote. Msimtume na fedha peke yake kama mlivyonituma mimi, au tuseme kama nilivyojituma. Mtumeni na karatasi.

Kwetu, mwaka jana, tulinunua tena. Safari hii tulikwenda wawili, mimi na yule mama aliyekosa mbegu. Karatasi aliishika yeye. Duka la kwanza alikataa. La pili alikataa. La tatu akabonyeza herufi zote kwa kidole kimoja, A hadi Z, muuzaji anamtazama. Akasoma ramu, akasoma diski, akasoma kizazi. Ndipo akanigeukia akasema, "Haya, lipa." Nikalipa.

Ndugu Mwenyekiti, mimi naishia hapo. Elimu haina mwisho. 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Andikeni kazi tano za kikundi chenu. Zipi ni za kila wiki, na zipi ni za mara moja kwa mwaka?

2. Betri ni ya Wh 48. Mashine inakula wati 16. Itakaa saa ngapi?

3. Prosesa imeandikwa i5-7200U. Ni kizazi cha ngapi? Je, mngeinunua kwa ajili ya Windows 11?

4. Katika kikundi chenu, ni watu gani wawili wangetumwa dukani, na kwa nini?